Futeni "Mali Ikishauzwa Hairudishwi" kwenye Risiti za Kompyuta

Barua ya wazi kwa Tume ya Ushindani na kwa wenye maduka ya kompyuta wa jiji la Mwanza

Kwa Mwenyekiti, makamishna na watendaji wa Tume, na kwenu ndugu zangu wafanyabiashara,

Ninaandika kuhusu maneno matatu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Yamechapwa chini ya risiti, yamebandikwa ukutani nyuma ya keshia, na mahali pengine yanagongwa kwa muhuri juu ya jina la mnunuzi. Kwa anayenunua daftari hayana uzito mkubwa. Kwa anayenunua kompyuta mpakato ya laki saba, ya milioni moja au zaidi, yanamnyang'anya haki aliyopewa na sheria, tena yanamnyang'anya katika siku zile zile ambazo ubovu wa kioo huanza kujionyesha. Naomba yafutwe kwenye risiti za vifaa hivi, na mahali pake iandikwe idadi ya siku ambazo mnunuzi anaweza kurudi dukani akasikilizwa.

Ninaendesha steshenari Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Tunachapa, tunadurufu, tunafunga tasnifu kwa jalada gumu. Chuo kinapofungua mwishoni mwa mwaka, vijana wa mwaka wa kwanza huja na kompyuta zao zikiwa bado zinanukia upya, nailoni ya kiwandani haijabanduliwa pembeni. Wanataka kuwekewa programu ya kuandikia, au kuchapa fomu ya kwanza ya chuo. Hapo ndipo wengi wao huona kwa mara ya kwanza ukurasa mweupe ukijaa kioo kizima, na hapo ndipo huniuliza: "Dada, hii nukta nyeusi ni uchafu?" Wanafuta kwa kitambaa. Haifutiki.

Msimu uliopita alikuja binti wa Ukerewe. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Alivuka kutoka Nansio na fedha mkononi, akanunua kompyuta katika duka moja la katikati ya jiji, akamkabidhi mwanawe ikiwa ndani ya boksi lililofungwa, kisha akarudi kisiwani kuwahi siku za giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa wakati mwezi haupo. Binti alifungua boksi hosteli jioni ile ile. Kioo kilikuwa safi. Kesho yake, baada ya mashine kukaa ikiwaka kwa saa kadhaa, mstari mwembamba wa kijani ukajitokeza kutoka juu hadi chini, karibu na ukingo wa kulia. Hapakuwa na ufa wala alama ya kugongwa. Alipoirudisha dukani aliambiwa kwamba ameibonyeza, kisha kwamba risiti ina jina la baba yake, hivyo aje baba mwenyewe, na mwishowe kwamba hata baba akija asome kilichoandikwa chini ya risiti. Yule mzee angevuka ziwa upya, akose usiku wa kuvua, alipe nauli ya kuja na kurudi, ili aje kusomeshwa maneno matatu. Hakuja. Binti akafanya kazi za muhula mzima na ule mstari mbele ya macho yake, na kabla muhula haujaisha mstari ulikuwa umepata wenzake.

Sitaji duka hilo. Maneno yale yale nimeyaona kwenye risiti za maduka mengi, ya wakubwa na ya wadogo, na kumwandama mmoja kungewapa wengine nafasi ya kujificha nyuma yake.

Hebu tazameni mnunuzi amewekwa wapi. Anapoomba boksi lifunguliwe aone kioo kabla ya kulipa, huambiwa kwamba ukikata ile karatasi ya kiwandani umeshanunua. Akilipa na kufungua, huambiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo hakuna hata dakika moja, kabla ya kulipa wala baada ya kulipa, ambapo mtu huyu ana ruhusa ya kukagua kitu anachokilipia. Dagaa wa Mwaloni Kirumba hawauzwi hivyo. Mnunuzi wa gunia huingiza mkono mpaka chini, akaleta juu konzi, akanusa na kukagua mchanga, na hakuna mchuuzi anayemwambia kwamba kwa kuingiza mkono ameshanunua gunia.

Naomba mniruhusu nieleze kioo chenyewe, kwa sababu mabishano mengi ya dukani yanazaliwa na kutokijua. Kioo cha kompyuta nyingi za bei nafuu kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni moja. Kile kilicho bora kidogo, cha 1,920 kwa 1,080, kina zaidi ya milioni mbili. Kila nukta imegawanywa vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na kila kipande kina swichi yake ndogo mno inayokiamuru kipitishe mwanga au kiuzuie. Swichi moja ikifa, kipande hicho huganda. Nukta nzima ikigoma kupitisha mwanga utaona doa jeusi lisilosogea. Kipande kimoja kikigoma kufunga, utaona chembe nyekundu, ya kijani au ya bluu inayong'aa hata kioo kikiwa cheusi. Kwenye picha ya milima na maua inayowekwa dukani, chembe hiyo haionekani kabisa. Inaonekana kwenye ukurasa mweupe wa insha au kwenye giza la filamu, na hayo mawili mnunuzi hukutana nayo nyumbani.

Ubovu wa mstari una asili nyingine. Pembeni mwa kioo kuna tepe nyembamba zinazopeleka ishara kwenye safu za nukta, na tepe hizo zimegandishwa kwenye kioo kwa viungio vidogo sana. Kiungio kikiwa hakikushika vyema kiwandani, safu yake hupoteza amri na kubaki na rangi moja kutoka juu hadi chini. Joto hulegeza kiungio dhaifu. Ndiyo maana mashine inaweza kuwaka vizuri kwa robo saa dukani, kisha ikatoa mstari baada ya saa tatu za kazi. Mafundi wetu wa mjini wanalijua hili. Wanajua pia kwamba mistari inayokuja na kupotea unapoinua au kushusha kifuniko mara nyingi haitoki kwenye kioo. Inatoka kwenye waya wa kioo, ule unaopita ndani ya bawaba, na kuubadilisha au kuuchomeka upya ni kazi nafuu kuliko kubadili kioo kizima. Muuzaji mwenye fundi mwaminifu angemalizana na mteja wa namna hiyo mchana mmoja. Badala yake anamfukuza, na mteja anakwenda kulipia kioo kipya ambacho hakukihitaji.

Kuna na mwanga unaovuja pembeni. Kioo hakitoi mwanga chenyewe, kuna taa nyuma yake, na kama fremu imebana vibaya mwanga huo hupenya kwenye kona. Duka lililo wazi kwa jua la Barabara ya Pamba haliwezi kuonyesha kasoro hiyo. Inataka chumba chenye giza na kioo cheusi. Na kuna madoa meupe yanayotokana na kubanwa, kama wingu dogo lililokaa mahali pamoja. Haya ndiyo magumu kuamua, na nasema hivyo kwa kuwatendea haki wafanyabiashara. Doa la namna hiyo linaweza kusababishwa na mwanafunzi aliyeweka chaja juu ya kifuniko akaibana ndani ya begi pamoja na vitabu. Linaweza pia kusababishwa na shehena iliyopangwa vibaya kwenye lori katika safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, boksi juu ya boksi. Kwa kulitazama tu, si rahisi kusema lilianzia wapi.

Kugongwa, kwa upande mwingine, huacha ushahidi. Kioo kilichogongwa kina mahali pa pigo, nyufa hutoka hapo na kutawanyika, na weusi huenea kama wino. Mafundi husema kioo kimevuja. Mteja anayekuja na kioo cha namna hiyo akidai kilitoka dukani hivyo anamwonea muuzaji, na wateja hao wapo. Siwatetei. Lakini nukta iliyokufa na mstari ulionyooka bila ufa havisababishwi na kuangushwa kwa kawaida, na haifai kila mwenye mstari atendewe kama mwongo kwa sababu aliyemtangulia alidanganya.

Upimaji wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba sioni kwa nini haufanyiki kila mahali. Kioo kinajazwa rangi moja baada ya nyingine, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, na macho yanapita kona hadi kona. Dakika chache zinatosha kwa nukta. Kwa mstari unaobishaniwa, piga picha ya kioo kwa kitufe cha kompyuta yenyewe kisha uitume kwenye simu: kama mstari haupo kwenye picha, basi kompyuta inatoa picha safi na ubovu uko kwenye kioo au waya wake. Au unganisha kompyuta na televisheni. Televisheni ikiwa safi na kioo kina mstari, mabishano kuhusu programu na virusi yamekwisha. Nawaomba sana muache kuwaambia watoto wa watu kwamba mistari imeletwa na virusi.

Najua hoja itakayonijibu. Muuzaji atasema kwamba hata viwanda vyenyewe vinaruhusu nukta chache mbovu. Ni kweli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na viwango vya kundi la ISO 9241, kiligawa vioo kwa madaraja, na katika daraja la pili, ambalo viwanda vingi vililifuata, kila nukta milioni moja ziliruhusiwa kuwa na mbili zinazong'aa daima, mbili zilizozimika daima, na vipande vitano vilivyoganda. Sina ugomvi na hilo. Kutengeneza mamilioni ya swichi bila hata moja kufa ni kazi ngumu, na kioo kisicho na dosari yoyote kingekuwa na bei yake. Ila kanuni hiyo inahesabu nukta. Haisemi kwamba mstari wa urefu mzima wa kioo ni wa kawaida, wala doa la kubanwa, wala kioo kinachopepesa. Na kama kiwanda kinaruhusu nukta mbili, mnunuzi aambiwe kabla hajatoa fedha, aamue mwenyewe kama atakubali nukta iliyokaa katikati ya uso wa kioo au atachukua boksi la pili.

Sasa nije kwa Tume. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo inawapa kazi, haikuishia kwenye ushindani wa makampuni. Inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, yakiwamo maelezo kuhusu ubora wake na upya wake, na ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabika kuwamo ndani ya mkataba wa mlaji hata kama hayakutamkwa. Kabla yake tulikuwa nayo, na bado tunayo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka enzi za Mwingereza. Nayo inasema kwamba mnunuzi ambaye hakupata nafasi ya kukagua bidhaa hahesabiki ameipokea mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Mzee wa Ukerewe hakukagua chochote. Alibeba boksi. Kwa macho ya sheria hiyo, binti yake alipoirudisha mashine ile alikuwa bado yuko ndani ya haki.

Wapo wanaosema kwamba maandishi ya kwenye risiti ni makubaliano, na mtu mzima akishakubaliana hana la kulalamika. Risiti hutolewa baada ya fedha kuingia kwenye droo. Sharti ambalo mnunuzi analisoma wakati ameshalipa na karani ameshaanza kumhudumia mwingine, alikubaliana nalo saa ngapi? Kibao cha ukutani kinaweza kusomwa kabla, nakubali, lakini kibao hakiwezi kufuta ulinzi ambao Bunge limeuweka kwa ajili ya mlaji. Kama Tume ina tafsiri nyingine ya sheria yake, naiomba itoke hadharani iiseme, kwa Kiswahili cha kawaida, ili sisi tunaoshauri wanafunzi tujue tunasimama wapi. Kwa sasa maneno hayo kubaki kwenye risiti kunasomwa dukani kama ruhusa.

Wenzetu hawakubuni mambo makubwa. Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, imeandika haki za mlaji ndani ya Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, ikianza na haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Uingereza, ambayo tulirithi sheria yake ya zamani, iliibadili yake mwaka 2015 ikampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa yenye ubovu na kurudishiwa fedha. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2019, umeweka kwamba ubovu ukijitokeza ndani ya mwaka mmoja unahesabika ulikuwapo tangu siku bidhaa ilipokabidhiwa, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Jambo hili la mwisho ndilo ningependa lifikiriwe kwa uzito. Leo hapa kwetu mwenye wajibu wa kuthibitisha ni msichana wa miaka ishirini mbele ya kaunta, peke yake, bila fundi, mbele ya muuzaji ambaye ndiye pia hakimu.

Mwanza ina kumbukumbu yake kuhusu haki ya mnunuzi kukataa mali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, na mwaka 1999 sababu ilikuwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Viwanda vya sangara vilisimama, vijana wakakaa nyumbani, na mji mzima uliumia, pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa sumu. Lakini hakuna kiwanda kilichowaandikia Wazungu kwamba samaki akishauzwa harudishwi. Ukaguzi uliimarishwa, mialo ikaboreshwa, viwanda vikabadili taratibu zao za usafi, na leo tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, kilomita chache kutoka mezani pangu. Sangara wetu walirudi sokoni kwa sababu mnunuzi aliweza kukataa na sisi tukalazimika kupima kabla ya kusafirisha. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa na nguvu hiyo. Mkulima wa pamba wa Magu anayemnunulia mwanawe kompyuta hana, na nguvu hiyo ni ninyi Tume mnaoweza kumpa.

Ndugu zangu wenye maduka, sitaki mdhani kwamba siuoni mzigo wenu. Nimezungumza na baadhi yenu. Mnanunua kwa jumla Kariakoo, au mnaagiza Dubai kupitia mtu, na yule anayewauzia amewaambia maneno yale yale matatu. Mkimpokea mteja na kioo kibovu, mashine inabaki mikononi mwenu. Waranti ya kiwanda iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingine ni ya soko la nchi nyingine, na kuifuatilia Dar es Salaam kunagharimu muda na nauli ambazo hazimo kwenye faida ya mashine moja. Kwa hiyo mnaupeleka mzigo chini kwa mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho hana wa kumpelekea. Hapa ndipo Tume inatakiwa ianzie juu. Mwingizaji wa mzigo, anayejulikana bandarini na kwenye nyaraka za forodha, ndiye wa kwanza kubanwa azipokee mashine zenye vioo vibovu kutoka kwa maduka ya mikoani ndani ya muda uliowekwa. Duka la Mwanza likiwa na uhakika kwamba Kariakoo itapokea, halitakuwa na sababu ya kumtesa mteja wa Nansio.

Ninachowaomba wauzaji ni kidogo. Mruhusu boksi lifunguliwe mezani kabla ya fedha kubadilisha mikono. Kama mteja hataichukua kwa sababu ya kioo, mashine hiyo haikuharibiwa na kufunguliwa, iligunduliwa. Iwasheni kwa rangi zile tano mbele yake, na kama mtu anaweza kusubiri, iacheni iwake mpaka ipate joto. Andikeni kwenye risiti namba ya mashine, ile iliyo chini ya tumbo lake, ili asije mtu na mashine ya duka lingine akawadai ninyi. Namba hiyo inawalinda nyie zaidi ya muhuri wowote. Andikeni kwamba aliyeshika mashine pamoja na risiti anasikilizwa, hata kama jina ni la mzazi aliye kisiwani. Kisha mpeni siku. Mimi napendekeza siku 14, kwa sababu mtu wa Bukoba, Geita au Ukerewe hawezi kuwa mjini kila wiki, na kwa sababu kiungio dhaifu kikiwa cha kuachia, mara nyingi huachia katika matumizi ya mwanzo. Kama 14 ni nyingi kwenu, semeni ngapi. Sifuri haikubaliki.

Mashine zilizotumika zinastahili maneno machache. Nyingi ni nzuri, zilitoka ofisi za nje, na mtoto wa maskini amesoma kwa hizo. Tatizo ni zile zilizofunguliwa, zikabadilishwa kioo, zikasafishwa na kurudishwa kwenye boksi kisha zikauzwa kwa bei na jina la mpya. Hilo ni udanganyifu, na Tume ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na ile ya Ushindani ya mwaka 2003 za kushughulika nalo. Mwenye kuuza iliyotumika aandike imetumika, na aseme kama kioo kimewahi kubadilishwa. Mawinga nao, wale vijana wanaokupokea ukishuka kwenye daladala na kukupeleka duka wasilolimiliki, wafanye kazi yao, lakini risiti itoke kwa mwenye duka na namba yake ya simu iwe hai.

Kwa Tume, nina ombi lenye tarehe. Kila 15 Machi mnaadhimisha Siku ya Haki za Mlaji Duniani, kwa hotuba na vipeperushi. Ninaomba kabla ya maadhimisho yajayo mtoe tamko la maandishi kuhusu "mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye vifaa vya elektroniki: kama ni halali, kwa kifungu gani, kama si halali, ni lini itaondolewa na nani atakagua. Maofisa wenu watembee madukani kuanzia Barabara ya Pamba mpaka Makoroboi, waombe kuona risiti tu. Hawahitaji uchunguzi mrefu zaidi ya huo. Na wekeni njia ya kulalamika ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia kwa simu, akatuma picha ya kioo, picha ya risiti na namba ya mashine, akapata jibu wakati mashine bado ni mpya. Lalamiko linalochukua muhula mzima limeshapoteza maana. Kwa wakati huo kijana ameshakopa kwa wenzake, amemlipa fundi, na baba yake ameshauza kitu kingine.

Nakala ya barua hii nawapelekea viongozi wa serikali za wanafunzi wa vyuo vya Mwanza, wakusanye risiti za wenzao zenye maneno hayo na picha za vioo vilivyokataliwa. Nipo tayari kuzidurufu bila malipo na kuzifunga kwenye jalada moja, ili Tume isiseme haikuletewa ushahidi. Jibu lenu nitalibandika mlangoni pa steshenari, wanafunzi walisome kabla ya kupanda daladala kwenda mjini kununua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Malimbe, Mwanza